Vibao kwenye Nyasi za Kocha Graff

Siku niliyochomeka kibao cha NYUMBA INAUZWA kwenye nyasi za Kocha Graff, mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili mtu asihangaike kumtafuta mbele ya safari, maana msimu ule pale Kettle Run sifa hiyo ilikuwa na wagombea wengi, na wenzangu wangeweza kunipokonya.

Jina langu ni Lou Pastorek. Nauza na kuziba matairi kwenye kona ya barabara inayoteremka kutoka kilichokuwa kiwanda cha chuma. Ijumaa jioni, majani yakianza kupukutika, navaa kizibao cha rangi ya chungwa na kusimama kando ya uwanja wa shule nikiwa nimeshika fito moja ya mnyororo wa kupimia yadi kumi. Fito ya pili anashika Chet Yablonski, ambaye goti lake hutabiri mvua vizuri kuliko redio. Kazi ya mnyororo haina malipo. Faida yake ni kwamba unasikia kila kinachosemwa pembeni mwa uwanja, na sharti lake ni moja: mwenye fito hana mdomo. Hashangilii, hazomei, hashauri.

Nazungumzia mpira wa kweli, wa kofia ngumu na wa kurushwa kwa mkono. Ule wa miguu tunawaachia watoto wadogo, Jumamosi asubuhi, mama zao wakinywa kahawa.

Graff alipokuja kwetu, timu yetu ilikuwa imemaliza misimu miwili bila kushinda hata mchezo mmoja. Kabla yake makocha walikuwa wanapanga chumba juu ya duka la dawa, masanduku yao hayafunguliwi, na msimu ukiisha na wao wanaisha. Huyu alinunua nyumba mtaa wa Locust, akamleta mkewe na binti yao mdogo, akapanda mti wa tufaha uani. Mtu anayepanda mti wa tufaha Kettle Run ama ana imani sana, ama hajaambiwa habari zetu.

Mwezi wa nane alituita kwenye ukumbi wa zimamoto. Kina mama walikuwa wamepika pierogi, zile kama sambusa za kuchemsha zenye viazi ndani, sisi tukawa tumekuja kwa ajili ya pierogi. Akasimama mbele ya sahani zetu, mtu mrefu, mkavu, asiye na haraka hata ya kumeza mate.

"Mwaka wa kwanza tunajenga ukuta," akasema. "Wa pili tunaufundisha kutembea. Wa tatu tunashinda."

"Na mwaka huu sisi tunakuja uwanjani kufanya nini?" nikamuuliza. "Kusuka vikapu?"

Ukumbi ukacheka. Yeye akasubiri kicheko kiishe, kama mtu anayengoja treni ipite.

"Mwaka huu tutafungwa, Lou. Ila tutafungwa kwa mpango."

Wanasema mvumilivu hula mbivu. Sisi tulikuwa tumekula mbichi miaka yote hiyo mpaka meno yakafa ganzi, na hapa anatokea mtu anatuambia tuendelee kutafuna.

Tatizo lilikuwa Micah Tolliver. Mama yake, Renee, ni dereva wa basi la shule. Amewabeba watoto wote wa mji huu, wakiwemo wanangu, na anajua nani alitapika kiti gani. Micah alikuwa na miaka kumi na mitano na mkono ambao Mungu alimtumia mtu mzima, ukakosea anwani. Akirusha, mpira ulikuwa haupandi ukashuka kama wa wenzake, ulikwenda. Yeye ndiye angekuwa kwotabeki wetu, yule anayepewa mpira kila mara na kuamua uende wapi. Mbele ya kwotabeki husimama watu watano wanene, na hao ndio ukuta: kazi yao ni kuhakikisha hafikiwi na wanaotaka kumlaza chini. Ukuta wetu mwaka ule ulikuwa wa kadibodi. Wawili kati yao walitolewa kwenye bendi ya shule.

Halafu kulikuwa na bega. Daktari alikuwa amelipiga picha: mfupa bado haujafunga, unaendelea kukua. Ukipigwa vibaya sasa, alisema, mkono hautarudi ulivyokuwa. Graff alilieleza hilo palepale ukumbini, Renee akiwa mstari wa mbele na koti lake la udereva.

"Mwaka huu Micah atasimama na mimi pembeni, atashika ubao wa michoro na kujifunza," Graff akamwambia. "Haingii uwanjani mpaka wale watano wawe watu. Hiyo ni ahadi."

"Nimesikia, Kocha," Renee akasema. Akageuka akatutazama, meza baada ya meza. "Na hawa wote wamesikia."

Tulisikia. Nilikuwa na pierogi mdomoni, lakini masikio yalikuwa wazi.

Msimu ukaanza, tukafungwa kwa mpango. Tukafungwa nyumbani, tukafungwa ugenini, tukafungwa na shule ambayo nusu ya wachezaji wake walikuwa na mafua. Na kila Ijumaa Micah alisimama na ubao wake, na wakati wa mapumziko alirusha mpira kidogo kujipasha moto, na majukwaa yote yalinyamaza kumtazama, kisha timu ikarudi uwanjani bila yeye na watu wakaguna kama ng'ombe.

Nje ya duka langu kuna ubao mkubwa wa herufi za kuchomeka, wa kutangazia bei za matairi. Nikaupa kazi nyingine. Jumatatu moja niliandika: KOCHA ANATAKA MIAKA MITATU. TAIRI LANGU BORA LINA DHAMANA YA MIWILI. Magari yakapiga honi siku nzima. Jumatatu iliyofuata: IMEPOTEA TIMU, ATAKAYEIONA AIRUDISHE. Kisha nikaandika ile iliyopendwa kuliko zote: MKONO WA DHAHABU, KAZI YA KARANI. Watu walishuka na kupiga nayo picha. Mchungaji aliitaja kwenye mahubiri. Nisiseme uongo, nililala vizuri siku zile.

Graff alipita mbele ya ubao ule kila asubuhi akienda shuleni, maana barabara ni hiyo moja. Siku moja akaingia dukani na msumari kwenye tairi. Nikalitoa, nikalikwangua, nikapaka gundi, nikaliegemeza ukutani. Tukakaa.

"Mbona hubandiki?" akauliza.

"Gundi haijakauka."

"Nina haraka."

"Haraka yako haikaushi gundi, Kocha. Nikibandika mbichi, kiraka kitashika mpaka kwenye taa za barabarani, kisha utanipigia simu unitukane."

Akatikisa kichwa taratibu. Akageuka kutazama ubao wangu kupitia dirishani, kwa nyuma, herufi zikisomeka kinyume. Nilielewa alichokuwa anasema, mimi si mzito kiasi hicho. Nikabandika kiraka wakati wake ulipofika, akaenda, na jioni ileile nikaandika: HATA GUNDI HUKAUKA.

Watu wakaniambia hiyo ndiyo kali kuliko zote.

Sasa kibao. Huku kwetu, kocha akichosha watu, wanamwoteshea vibao vya kuuza nyumba kwenye nyasi zake. Ni utani wa zamani, babu yangu aliufanya kwa kocha wa enzi zake, na hakuna polisi aliyewahi kuamka kitandani kwa sababu hiyo. Binamu yangu Gloria ni dalali wa nyumba. Nikachukua kibao chake kimoja gereji kwake, na alfajiri, mimi na Chet tukaenda mtaa wa Locust kwa gari langu. Chet alikaa ndani akilalamika kuhusu goti. Mimi nikateremka, nikakipigilia kwa nyundo katikati ya nyasi, picha ya Gloria ikitabasamu kuelekea barabarani.

Mimi nilichomeka kimoja tu. Lakini kufikia Jumapili vilikuwa vimeota kama uyoga. Vingine vya kweli, vingine vya maboksi, kimoja cha mtoto kilichoandikwa kwa kalamu ya rangi. Tukapita na Chet kuviona, taratibu, vioo vimeshushwa.

Graff alikuwa anakata nyasi. Hakung'oa hata kibao kimoja. Alikuwa anaizungusha mashine kwenye kila nguzo kwa uangalifu, kama mtu anayekata nyasi makaburini. Binti yake alikuwa amekaa kwenye ngazi na sandwichi.

"Baba, kwani tunahama?" akauliza.

Graff akazima mashine.

"Bado," akasema.

Chet akapandisha kioo chake. "Endesha, Lou," akasema. "Endesha tu."

Ijumaa iliyofuata Micah Tolliver aliingia uwanjani.

Siwezi kukudanganya, ilikuwa tamu. Ukuta uliyumba, wapinzani wakapenya, naye akawakwepa kwa hatua mbili na kurusha mpira ukaruka juu ya vichwa vyote ukatua kifuani mwa mwenzake aliyekuwa hata hajageuka vizuri. Tulishinda. Chet alilia, na fito yake mkononi. Watu ambao hawajasalimiana tangu kiwanda kifungwe walikumbatiana. Jumatatu nikaandika NILIWAAMBIA, na sikuongeza kitu kwa sababu hakikuhitajika. Wiki iliyofuata tukashinda tena. Duka la mikate likatengeneza biskuti zenye jina la Micah. Mchungaji akamtaja mara mbili.

Renee peke yake hakupiga honi akipita. Basi lile lina honi ya kuamsha mfu, na hakuibonyeza.

Kisha wakaja Brandt Hollow. Shule ya juu ya bonde, wanakula vizuri. Walikuwa na kijana mmoja wa pembeni ambaye, alipovua kofia ngumu kunywa maji, nilitaka kumuuliza watoto wake wanaendeleaje. Mvua ya baridi ilikuwa inanyesha. Mara ya kwanza alipenya ukuta wetu kama mtu anayeingia jikoni kwake, akamlaza Micah kwenye matope. Mara ya pili vilevile. Mmoja wa wale wawili wa bendi, mpiga tromboni, aliinuka akitazama mikono yake kama imemsaliti.

Micah alitoka nje ya uwanja, karibu na fito yangu. Nilimwona akilishika bega, kisha akaliachia alipoona Graff anamtazama.

"Bega?" Graff akauliza.

"Liko sawa, Kocha."

"Nimekuona ukilishika."

"Nilikuwa napanga fulana."

Graff alimwangalia kwa muda. Mvua ilikuwa inamchuruzika puani na hakuifuta. Kisha akamgeukia kijana wa akiba aliyekuwa amejikunyata kwenye benchi. "Vaa kofia. Unaingia."

Tulikuwa nyuma kwa pointi chache. Mpira ulikuwa karibu na mstari wao wa mwisho, mnyororo umenyooka, yadi chache tu. Na mimi, mwenye fito, mtu asiye na mdomo, nikafungua mdomo.

"Wendell," nikamwambia Graff kwa jina lake la kwanza, "si amalize tu? Au nikuletee kibao kingine?"

Ilikuwa utani. Nilitabasamu nilipokuwa nasema. Benchi zima lilicheka, hata Micah alicheka, akanitazama kama mtu aliyepata wakili.

"Funga domo, Lou," Chet akasema kutoka upande wake wa mnyororo.

Graff hakunigeukia. Alitazama juu majukwaani, kule alikokuwa amekaa mkewe na yule binti chini ya mwavuli mmoja, watu wa mji wamewazunguka wakipiga kelele za Micah, Micah, Micah. Akatazama huko kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akamwambia kijana wa akiba, "Vua."

Micah akaingia. Akapokea mpira, akarudi nyuma hatua zake, akainua mkono. Mkono ulikuwa juu kabisa, umekunjuka, pale ambapo kila kitu kiko wazi. Yule wa Brandt Hollow hakumfanyia ubaya. Alikuja alivyofundishwa, na hakuna aliyemzuia njiani. Akafika wakati mkono uko juu.

Nimetenganisha matairi na ringi maisha yangu yote. Najua sauti ya kitu kinachotoka mahali pake.

Renee aliteremka ngazi za jukwaa na koti lake la udereva. Hakukimbia. Watu walimpisha, na uwanja mzima ulikuwa kimya kiasi kwamba ungeweza kusikia viatu vyake kwenye chuma. Alipofika chini alipita mbele yangu bila kuniona, akasimama mbele ya Graff.

"Uliniahidi," akasema.

"Ndiyo," Graff akasema.

Renee akaingia uwanjani, akapiga magoti kwenye matope karibu na mwanawe, na yeye na Graff hawakuzungumza tena.

Daktari alisema kweli, mkono haukurudi. Walimtia vyuma, wakavitoa, wakamtia vingine. Leo Micah akitaka kikombe cha rafu ya juu, anatumia wa kushoto. Graff aliacha kazi kabla ya mtu yeyote kupata ujasiri wa kumfukuza. Kibao cha Gloria kikarudi kwenye nyasi zilezile, safari hii kwa halali, na Gloria mwenyewe akaniuliza kile cha kwanza nilikipeleka wapi. Mimi nikatoa herufi zote ubaoni nikauacha mtupu. Watu wakadhani nimefilisika.

Halafu, na hapa ndipo penye uchungu wenyewe, ukuta ukaota. Wale watano walikuwa wameshazoea kubeba vyuma na kula walivyofundishwa na Graff, na miili haijali kocha ameondoka. Mwaka wa pili wakaanza kutembea. Mwaka wa tatu, kama mtu alivyotuambia juu ya sahani za pierogi, walisimama pale mbele kama mafriji, mpiga tromboni mkubwa kuliko wote, na hakuna timu bonde zima iliyowapenya. Nyuma yao kulikuwa na kijana mmoja mwenye adabu asiyeweza kurusha mpira kuvuka barabara. Tulikuwa na ngome nzuri kuliko zote, na ndani yake hamna mfalme. Tukashinda michache, tukafungwa michache, watu wakaenda nyumbani mapema.

Vuli ile ya mwaka wa tatu, Renee alileta gari lake kubadilishiwa matairi ya msimu wa baridi. Tangu mchezo wa Brandt Hollow alikuwa akienda kwa mtu mwingine, mji wa pili. Huyo mtu alikuwa amefunga duka. Akanisalimia kwa kichwa, akakaa kwenye kiti karibu na mashine ya kahawa, akafungua gazeti. Chet alikuwa kwenye kiti chake cha kila siku, na bahati mbaya yake na yangu, mada ilikuwa imeshaanza. Kulikuwa na mtoto mpya shule ya kati, watu wakisema ana mkono.

"Asiguswe," Chet akasema. "Akae, akue, tujenge upya. Tumeshaona."

"Tumeona nini?" nikasema. Nilikuwa chini ya gari lake Renee, pengine ndiyo maana nilikuwa jasiri. "Tumeona bahati mbaya. Kocha ndiye aliyemwingiza yule kijana, si mimi. Mimi nilikuwa na herufi za plastiki tu."

"Na domo."

"Na domo, sawa. Lakini niambie, Chet, wangapi waliokuwa ukumbini siku ile wako hai leo? Earl wa meza yetu amekufa. Yule fundi bomba amekufa. Walitaka kuona ushindi mmoja kabla ya kwenda, wakauona. Ni dhambi hiyo? Kila mtu anatuhubiria subira. Subira ni ya wenye muda. Wewe una goti hilo, mimi nina moyo unaofanya kazi siku unazopenda. Miaka mitatu, bwana. Mtu kama mimi anaitoa wapi miaka mitatu?"

Nikasikia gazeti linakunjwa. Renee alikuwa ameinuka, viatu vyake vimesimama karibu na kichwa changu.

"Ya Micah, Lou," akasema. "Uliitoa kwa Micah."